Mbona radi huangusha ng'ombe na kumwacha mchungaji? Jibu limo katika ulinganifu

WAFUGAJI wa Trans Nzoia na Bungoma wanazijua vyema alasiri za msimu wa mvua. Asubuhi huwa shwari, jua la mchana huipasha ardhi joto, na kufikia saa tisa mawingu meusi huwa yamejikusanya juu ya Mlima Elgon, yakiteremka kuelekea Kiminini, Kimilili na Webuye. Kisha radi hupiga. Mara nyingine habari inayofuata ni ya majonzi: ng'ombe waliokuwa wamejikinga chini ya mti wamekufa papo hapo, bila jeraha kubwa la kuonekana, ilhali mchungaji aliyekuwa karibu nao ameponea.

Wapo wanaosema radi ya namna hiyo imetumwa na mtu mwenye kijicho. Wengine husema ni bahati tu. Fizikia nayo ina jibu lake, na jibu hilo halihitaji mitambo wala hesabu ya kurasa nyingi. Linahitaji wazo moja ambalo wataalamu huliita ulinganifu.

Wazo hilohilo ndilo ufunguo wa mada ambayo wanafunzi wengi huiogopa. Mwanafunzi wa sekondari mjini Kitale hukutana na umeme tuli, huchora mistari ya uga kuzunguka chaji, na huambiwa kwamba ncha kali hukusanya chaji nyingi. Akijiunga na chuo kikuu, kiwe Kibabii mjini Bungoma au Masinde Muliro mjini Kakamega, hukabidhiwa hesabu za uga wa umeme ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina mwisho. Nyingi kati ya hizo humalizika kwa mistari mitatu au minne, iwapo mwanafunzi ataliangalia umbo kabla ya kushika kalamu.

Makala haya yanaeleza jinsi hilo linavyowezekana, kisha yanairudia radi na ng'ombe ili kuonyesha kwamba hesabu hii si ya mtihani pekee.

Mzigo wa kujumlisha

Mnamo 1785, mwanafizikia Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alieleza sheria inayotawala chaji za umeme. Chaji mbili za aina moja husukumana, na za aina tofauti huvutana. Kani hiyo, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Ukiuzidisha umbali mara mbili, kani hubaki robo. Ukiuzidisha mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa.

Uga wa umeme ni njia ya kusema ni kani kiasi gani ingeisukuma chaji moja iwapo ingewekwa mahali fulani, na ingeisukuma kuelekea upande gani. Uga una ukubwa na una mwelekeo. Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kilo mbili za mahindi ukiziongezea kilo tatu utapata kilo tano daima. Nyuga mbili hazijumlishwi hivyo. Zikielekea upande mmoja huongezeana, zikielekeana hufutana, zikikutana kwa pembe, ni lazima kila moja igawanywe katika sehemu zake ndipo jumla ipatikane.

Sasa mpira wa chuma ukipewa chaji, chaji hiyo husambaa juu ya uso wake wote katika vipande visivyohesabika. Kila kipande kina umbali wake na mwelekeo wake. Mwanafunzi anayeanza kujumlisha kipande kimoja kimoja atatumia kalkulasi hadi daftari lijae. Jibu atalipata, lakini kwa jasho jingi na kwa hatari ya kukosea ishara moja na kuharibu kila kitu.

Somo la nyumba ya msonge

Ulinganifu maana yake ni kwamba kitu kinaweza kugeuzwa au kusogezwa kwa namna fulani na bado kikaonekana vilevile. Mfano mzuri uko katika maboma ya jadi ya Bungoma. Ingia katika nyumba ya msonge, usimame penye nguzo ya katikati. Tuseme nyumba hiyo haina mlango, haina dirisha wala samani, na kuta zake zimesiribwa sawasawa. Ukifumba macho na mtu akakuzungusha, hutaweza kusema umeelekea mashariki au magharibi. Kila upande ni sawa na mwingine.

Je, nguzo ile inaweza kusukumwa na kuta kuelekea upande mmoja? Haiwezi. Iwapo ingesukumwa kuelekea mashariki, tungekuwa na haki ya kuuliza: kwa nini mashariki na si kusini? Hakuna chochote ndani ya nyumba kinachoutofautisha upande huo na mwingine. Kwa kuwa hakuna sababu ya kuchagua, hakuna uchaguzi, na jumla ya misukumo yote ya kuelekea kando ni sufuri. Tumepata jibu bila kujumlisha namba hata moja.

Mfaransa mwingine, Pierre Curie, aliliweka wazo hili katika kanuni mnamo 1894. Alisema kwa ufupi kwamba ulinganifu uliomo katika chanzo lazima uonekane pia katika matokeo yake. Ikiwa chaji zimepangwa kwa namna isiyobagua upande wowote, uga unaozaliwa na chaji hizo pia hautabagua.

Mfano wa pili ni saa ya ukutani. Weka chaji 12 zilizo sawa, moja penye kila namba, kisha uulize uga ulioko katikati ya uso wa saa ni kiasi gani. Anayejumlisha atagawanya pembe 12. Anayetumia ulinganifu ataona kwamba chaji ya saa 12 inatazamana na ya saa 6, ya saa 1 na ya saa 7, na kadhalika. Kila jozi hufutana. Jibu ni sufuri.

Sasa mtahini mjanja aiondoe chaji iliyo penye namba 12 na aulize swali lilelile. Wengi watarudi kwenye pembe 11 na kuanza upya. Hakuna haja. Jozi tano bado zimekamilika na bado zinafutana. Aliyebaki bila mwenzake ni namba 6 tu. Kwa hivyo uga wa katikati ni ule wa chaji moja iliyo penye namba 6, na iwapo chaji hizo ni chanya, uga huo huelekea namba 12, yaani kwenye pengo. Swali la dakika 20 limekwisha kwa sentensi mbili.

Chemchemi na ua

Kutambua kwamba vitu hufutana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupata ukubwa wa uga pale ambapo si sufuri. Hapa anaingia Mjerumani Carl Friedrich Gauss, ambaye mnamo 1835 aliieleza sheria inayobeba jina lake, ingawa Joseph-Louis Lagrange alikuwa amelifikia wazo lake la msingi mnamo 1773.

Ili kuielewa sheria hiyo, chukua chemchemi inayotoa lita 60 za maji kila dakika na kuyasambaza sawasawa pande zote. Ukiizungushia ua mdogo, lita 60 zitapita katika ua huo kila dakika. Ukiizungushia ua mkubwa, ni lita zilezile 60 zitakazopita, isipokuwa sasa zimetawanyika katika ua mrefu zaidi, na kila pahali maji ni haba. Umbo la ua halibadilishi jumla. Kinachoamua jumla ni chemchemi iliyomo ndani.

Gauss alisema chaji ni kama chemchemi hiyo, na mistari ya uga ni kama maji. Ukiizungushia chaji uso uliofungika wa umbo lolote, jumla ya uga unaopenya uso huo hutegemea chaji iliyomo ndani peke yake. Sheria hii ni kweli daima. Hata hivyo, inakuwa na manufaa ya hesabu pale tu penye ulinganifu, kwa sababu hapo tunajua kwamba uga ni sawa katika kila sehemu ya uso tuliouchagua. Tukijua hivyo, tunagawanya jumla kwa eneo, nasi tumefika.

Maumbo matatu hutosha kwa karibu kila swali la mwaka wa kwanza.

La kwanza ni tufe, mathalani chungwa. Chungwa lenye chaji iliyosambaa sawasawa halibagui upande, kwa hivyo uga wake hauna budi kuelekea nje moja kwa moja kutoka kitovuni. Haliwezi kuuinamisha uga kushoto wala kulia, kwa kuwa hakuna sababu ya kuchagua. Eneo la tufe linalolizunguka huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali, na kwa hivyo uga hupungua kwa kipeo hichohicho. Umbali mara mbili, uga robo. Kwa aliye nje, chungwa zima ni kana kwamba chaji yake yote imekusanywa katika nukta moja ya katikati.

La pili ni mua. Chukua mua mrefu sana ulionyooka, kama ile ya mashamba ya Nzoia, na tuseme chaji imesambaa juu yake kutoka chini hadi juu. Ukiuzungusha mua huo, hauoni tofauti. Ukipanda au kushuka ubavuni mwake, huoni tofauti pia. Uga basi hauna budi kutoka moja kwa moja kuelekea nje, kama miiba iliyonyooka. Eneo linalouzunguka mua huongezeka sambamba na umbali, si kwa kipeo chake. Umbali mara mbili, uga nusu. Waya mmoja mrefu wa umeme hufuata kanuni hii. Nyaya tatu zikipita pamoja, kama zile za kilovolti 220 zinazoleta umeme kutoka bwawa la Turkwel kwenda Lessos zikipitia upande wa Kitale, chaji zake kwa kila nukta ya wakati hukaribia kufutana zenyewe kwa zenyewe, na uga huisha upesi zaidi unapoondoka chini yake.

La tatu ni uwanda mpana. Simama katikati ya shamba kubwa la mahindi lililo tambarare. Kwa kila mstari wa mahindi ulio kulia kwako kuna mwenzake kushoto. Iwapo shamba hilo lingekuwa na chaji iliyoenea sawasawa, misukumo ya kuelekea kando ingefutana yote, na ungebaki uga wa kuelekea juu au chini tu. Jambo la kushangaza ni kwamba uga huo haupungui unapopanda, mradi shamba ni pana mno kuliko kimo chako. Kadiri unavyopanda, kila kipande hukuathiri kidogo zaidi, lakini vipande vingi zaidi hukusukuma wima badala ya kando. Hasara na faida hulingana.

Uga wa uwanda si wa kubuni. Siku ya jua, juu ya ardhi tambarare kuna uga wa umeme wa takriban volti 100 kwa kila mita, unaoelekea chini. Wingu la radi likitanda, uga huo unaweza kufikia maelfu ya volti kwa kila mita. Na pale uwanda unapokuwa na mti mmoja uliosimama pekee, ulinganifu huvunjika. Mistari ya uga hukusanyika kwenye kilele cha mti huo, uga hapo huwa mkali kuliko kwingineko, na radi hupata mahali pa kushukia. Mtu anayesimama wima katikati ya shamba lililolimwa huuvunja ulinganifu kwa namna iyo hiyo.

Radi inapozama ardhini

Sasa turudi kwa ng'ombe. Watu wengi hudhani radi huua kwa kumpiga mhanga moja kwa moja. Hutokea, lakini mara nyingi hatari iko ardhini. Mkondo wa radi ya kawaida hufikia takriban ampea 30,000. Ukishafika chini ya mti, mkondo huo hauishi hapo. Hutawanyika udongoni.

Utatawanyika vipi? Tuchukulie kwamba udongo ni wa aina moja kila upande. Mkondo hauna sababu ya kupendelea Kitale kuliko Bungoma. Hewa iliyo juu haiupitishi, kwa hivyo unaweza kwenda chini na kando tu, na utaenea sawasawa katika umbo la nusu tufe, kama bakuli lililofukiwa ardhini na linalozidi kupanuka. Eneo la nusu tufe ni 2 mara pai mara kipeo cha pili cha umbali. Ni chungwa lilelile la Gauss, limekatwa katikati.

Katika umbali wa mita 10 kutoka kwenye mti, nusu tufe hiyo ina eneo la takriban mita mraba 628. Ampea 30,000 zikigawanywa kwa eneo hilo ni karibu ampea 48 kwa kila mita mraba. Udongo wenye unyevu una ukinzani wa kadiri ya omu-mita 100. Ukizidisha, unapata uga wa takriban volti 4,800 kwa kila mita ardhini, mahali pale pa mita 10.

Mtu anayetembea kuelekea mti ana mguu mmoja karibu na mti na mwingine mbali kidogo. Kati ya miguu hiyo kuna tofauti ya volteji. Kwa hatua ya nusu mita, tofauti hiyo ni takriban volti 2,300. Ng'ombe aliyeuelekeza uso wake kwenye mti ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana kwa kadiri ya mita moja na nusu. Kwake tofauti ni takriban volti 6,200. Isitoshe, kwa mtu mkondo hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine, na sehemu kubwa yake hupita chini ya moyo. Kwa ng'ombe, mkondo hupita kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma, na moyo umo njiani.

Hiyo ndiyo sababu mchungaji anaweza kuanguka, akapoteza fahamu kwa muda na kuamka, ilhali mifugo yake imelala haipumui. Hakuna aliyemchagua. Umbo la mwili na namna ya kusimama ndivyo vilivyoamua.

Ulinganifu unatuambia jambo jingine ambalo wachache hulifikiria. Ng'ombe aliyesimama ubavu, akiwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko umbali sawa kutoka kwenye mti, hana tofauti kubwa ya volteji kati ya mbele na nyuma, kwa kuwa miguu yote imekanyaga duara moja. Ng'ombe wawili walio mita 10 kutoka mti mmoja wanaweza kupata hatima mbili tofauti kwa sababu tu mmoja alikuwa ametazama mti na mwingine amegeukia kando. Jirani akiona hivyo hushawishika kuamini kwamba radi ilimchagua mmoja. Mtu anayejua ulinganifu huona duara na mstari unaolikata.

Umbali nao una maana. Katika mita 20 badala ya 10, tofauti ya volteji kwa hatua ileile ya mtu hushuka hadi takriban volti 580, na ya ng'ombe hadi takriban 1,670. Ni karibu robo, kama tufe linavyotaka. Mtu aliyebana miguu yake pamoja katika mita 10, nyayo zikiachana kwa sentimita 10 tu, hupata takriban volti 470 badala ya 2,300.

Ushahidi kwamba hesabu hii si ya vitabuni tu ulionekana huko Norway mnamo Agosti 2016. Katika nyanda za juu za Hardangervidda, tufani moja ya radi iliua paa wa baridi 323 waliokuwa wamekusanyika pamoja. Radi haikuhitaji kumgusa kila mmoja wao. Mkondo ulioenea ardhini ulitosha.

Ulinganifu unapovunjika

Msomaji makini atauliza: je, udongo ni sawa kila upande kweli? La. Penye mwamba, ukinzani ni mkubwa zaidi, na iwapo ni mara kumi ya ule wa udongo wenye unyevu, volteji tulizozitaja zitakuwa mara kumi pia. Mizizi ya mti, bomba la maji na mfereji wenye maji huupa mkondo njia rahisi. Penye vitu hivyo, bakuli letu hupinda na namba zetu hubaki makadirio tu.

Mfano hatari zaidi katika mashamba ya Trans Nzoia ni ua wa seng'enge. Waya ulionyooshwa kwenye nguzo za mbao hubeba mkondo mbali na mahali radi ilipopiga, na ng'ombe waliojipanga kando ya ua huo wanaweza kufa wakiwa mbali sana na mti. Nusu tufe imegeuka mua, na uga hupungua polepole zaidi. Kwa hivyo kujua ulinganifu ni kujua pia pale ambapo haupo. Mwanafunzi anayelazimisha kanuni ya tufe penye ua wa waya atapata jibu safi lisilo la kweli.

Waya wa umeme uliokatika na kuanguka chini nao hufuata kanuni ileile ya nusu tufe, kwa mkondo mdogo kuliko wa radi lakini unaoendelea bila kukoma mpaka umeme uzimwe. Anayekimbia kuelekea waya huo kumwokoa aliyeanguka hupiga hatua ndefu, na kila hatua ndefu ni volteji zaidi. Njia salama ni kukaa mbali, kuwazuia wengine wasikaribie na kuiarifu kampuni ya umeme. Aliyejikuta tayari karibu na waya na aondoke kwa kuburura nyayo taratibu, miguu ikiwa imebanwa pamoja bila kuinuliwa kutoka ardhini.

Gharama ya kutojua

Eneo hili la Afrika lina deni kubwa kwa radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mnamo 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, katika nafasi ya pili ulimwenguni kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Bonde la Ziwa Victoria, ambalo Bungoma na Kitale zimo kwenye ukingo wake, nalo hupigwa na radi nyingi. Mnamo Juni 2011, radi iliyopiga Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo nchini Uganda iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Mnamo Novemba 2024, watu 14 waliuawa na radi wakiwa katika ibada kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, pia nchini Uganda.

Darasa lenye sakafu ya udongo na lisilo na mfumo wa kuiongoza radi hadi ardhini halimkingi mtoto. Mabati juu ya mbao hayatoshi, kwa sababu mkondo ukishafika kwenye mabati huhitaji njia ya kushuka, na huenda njia hiyo ikawa ni mtoto aliyeegemea ukuta. Mfumo wa kukinga radi humpa mkondo njia hiyo: ncha juu ya paa, nyaya nene za kushuka nje ya kuta, na vyuma vilivyozikwa kwenye udongo kuzunguka jengo. Vyuma vikizunguka jengo lote, volteji ndani ya sakafu hulinganishwa, na tofauti kati ya mguu na mguu hupungua. Mhandisi anayebuni mfumo huo hutumia ulinganifu uleule.

Gari lililofungwa lenye mwili wa chuma ni kimbilio bora kuliko mti wowote. Sababu si matairi ya mpira, kama wengi wanavyodhani. Chaji huenea juu ya uso wa nje wa chuma na kuuacha uga wa ndani ukikaribia sufuri. Michael Faraday alilithibitisha hilo mnamo 1836 kwa kuingia ndani ya chumba alichokifunika kwa metali huku umeme ukirindima nje. Bodaboda na trekta lisilo na kibanda hazina kinga hiyo.

Kwa mchungaji na mkulima, mambo ya kufanya ni machache. Ngurumo ikisikika, radi tayari iko karibu vya kutosha kuua. Ingia katika jengo imara au gari lililofungwa. Hesabu sekunde kati ya mwako na mlio: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Waondoe ng'ombe chini ya miti iliyosimama pekee na kando ya ua wa waya, na usiwaache wasongamane. Aliyekosa pa kukimbilia asilale chini, kwani mwili uliolala ni hatua ndefu kuliko zote. Achuchumae miguu ikiwa pamoja, akijua kwamba hilo hupunguza hatari bila kuiondoa. Ngurumo ya mwisho ikishapita, angojee dakika 30 kabla ya kutoka.

Kwa mwanafunzi, mambo ni machache vilevile. Kabla ya kujumlisha, na ajiulize maswali matatu. Je, nikiligeuza au kulisogeza umbo hili, litabaki vilevile? Kwa hivyo, uga hauwezi kuelekea wapi? Na je, ni uso gani ninaoweza kuuzungushia umbo hili ili uga uwe sawa kila mahali juu yake? Akiyajibu hayo, kinachobaki ni kugawanya. Na akikosa jibu la swali la kwanza, ajue kwamba amefika penye ua wa seng'enge, na kwamba sasa kujumlisha kipande kimoja kimoja ndiyo njia ya pekee iliyobaki.